Mdogo wangu ana kifuko cha milimita 11 kichwani. Je, asubiri au apasuliwe?

"Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kike ana miaka 31, ni mwalimu wa shule ya msingi huku Iringa. Tangu mwaka jana anaumwa kichwa upande wa mbele. Maumivu yanakuja ghafla, yanambana dakika kumi au ishirini, kisha yanaachia. Mara mbili ameanguka akitembea. Anasema miguu iliishiwa nguvu lakini hakuzimia. Zahanati walimpa dawa za malaria, baadaye dawa za minyoo kwa kuwa huku kwetu tunafuga nguruwe. Mwezi huu amepigwa CT-Scan. Karatasi inasema kuna uvimbe wa mviringo wa milimita 11 mbele ya ventrikali ya tatu, kwenye tundu la Monro, unaoonekana mweupe hata kabla ya dawa ya kontrasti, na ventrikali za pembeni zimetanuka kiasi. Mwisho imeandikwa 'huenda ni kifuko cha koloidi'. Jirani yetu anasema hiyo ni kansa. Mjomba anasema asikubali kupasuliwa, kwa sababu mtu mmoja wa hapa kijijini alipasuliwa kichwa na hakurudi kama alivyokuwa. Mama analia tu, anauliza alikosea nini alipokuwa na mimba yake. Je, wasichukue kwanza kinyama wakapime? Hakuna dawa ya kukiyeyusha? Na kama amezaliwa nacho, kwa nini asiendelee kukaa nacho?"

Marahaba, dada yangu. Poleni sana, na mpe pole mama. Umeandika vizuri kiasi kwamba naweza kukujibu kwa undani, ingawa picha zenyewe sijaziona na naifuata karatasi mliyopewa.

Nianze na linalowanyima usingizi. Kifuko cha koloidi, yaani kifuko kidogo kilichojaa ute mzito, si kansa. Hakisambai mwilini, hakioti mizizi ndani ya ubongo, na mtu akitolewa chote kwa kawaida huwa amepona. Mwambieni jirani hivyo kwa upole. Lakini mjomba naye asiichukue sentensi hiyo akaifanya sababu ya kukaa nyumbani, maana uvimbe usio kansa unaweza kuua mtu ukikaa mahali pabaya, na katika ubongo mzima ni vigumu kupata mahali pabaya kuliko hapo ulipo huu. Ukweli ni kwamba ungekuwa sentimita chache pembeni, huenda mdogo wako angeishi nao hadi uzeeni bila kujua.

Ndani ya ubongo kuna vyumba vinne vya maji, ndivyo hizo ventrikali. Maji hayo hutengenezwa humohumo, kiasi cha nusu lita kwa siku kwa mtu mzima, ilhali yanayokuwepo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Maana yake yanabadilishwa yote mara tatu hivi kila siku, na hayawezi kubadilishwa kama hayana pa kutokea. Vyumba viwili vikubwa viko kulia na kushoto. Kila kimoja hutoa maji yake kwa tundu dogo liitwalo tundu la Monro, yakaingia chumba cha tatu kilicho katikati. Kutoka hapo hushuka kwa mfereji mwembamba hadi chumba cha nne, kisha hutoka nje kuuzunguka ubongo na uti wa mgongo, na mwisho hurudi kwenye damu. Kifuko cha koloidi huning'inia kwenye dari ya chumba cha tatu, mbele kabisa, palepale matundu yote mawili yanapofungukia.

Ninyi wa Iringa mnalima vinyungu, yale mashamba ya mabondeni, kwa hiyo mtanielewa upesi. Gunzi moja la hindi likinasa kwenye mdomo wa mfereji, matuta ya chini yanakauka na ya juu yanafurika. Gunzi lenyewe ni dogo, hata mtoto angelitoa kwa mkono. Taabu yote inatokana na pale liliponasa. Ndiyo maana karatasi yenu inasema ventrikali za pembeni zimetanuka: maji yanatengenezwa kama kawaida, yanatoka kwa shida. Maumivu yanayokuja kwa ghafla na kuachia yanaendana na njia inayozibwa na kufunguka. Hata kuishiwa nguvu miguuni bila kuzimia ni dalili inayojulikana ya kifuko hiki, na katika barua yako yote hicho ndicho kilichonishtua zaidi. Muulizeni pia kama siku hizi anasahau mambo, kwa mfano majina ya wanafunzi au mahali alipoweka chaki. Nyuzi zinazobeba kumbukumbu, zinazoitwa forniksi, zinapita zikiwa zimegusana kabisa na kifuko hiki.

Mama ameuliza alikosea nini. Hakukosea chochote, na naomba mmsomee aya hii. Katika wiki za kwanza kabisa za mimba, mara nyingi mama hata hajajua kuwa ana mtoto, mwili wa mtoto huwa ni tabaka tatu nyembamba. Moja ya tabaka hizo ndiyo inayokuja kutengeneza utando wa ndani wa njia ya hewa na utumbo. Chembe chache za tabaka hiyo zikibaki njiani, zikajikuta upande wa ubongo, hukaa hapo. Hakuna chakula, kazi nzito, dawa wala ugomvi wa nyumbani unaojulikana kusababisha hilo. Mdogo wako hakuzaliwa na kifuko cha milimita 11. Alizaliwa na chembe, nazo zimekuwa zikitoa ute polepole kwa miaka 31. Ndiyo sababu wengi wanaogunduliwa wako kati ya miaka 20 na 50. Zipo familia chache duniani ambazo zaidi ya mtu mmoja alikuwa nacho, lakini ni adimu mno, na wewe usiyeumwa huna haja ya kukimbilia kipimo.

Sasa picha, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kwenye CT-Scan maji huonekana meusi, mfupa mweupe kabisa, na nyama ya ubongo kijivu. Kifuko cha koloidi mara nyingi, kama theluthi mbili ya wagonjwa, hujitokeza cheupe kuliko ubongo hata kabla ya sindano ya kontrasti: kishanga cha mviringo, kingo zake laini kama zimechorwa kwa bikari, kimekaa katikati kabisa mahali ambapo pangetakiwa kuwa na weusi wa maji. Pembeni yake vyumba viwili vimetanuka, huku chumba cha nne kule nyuma kikiwa na umbo lake la kawaida. Nikiuona mpangilio huo sihitaji muda mrefu kuutambua, kwa kuwa vitu vinavyokaa hapo vikawa na sura hiyo ni vichache sana. Weupe huo si damu wala chokaa. Ni ute uliokauka ukabaki na protini na mafuta ya kolesteroli mengi na maji kidogo, kama samli inavyoganda asubuhi ya baridi.

Kuhusu minyoo, waliompa dawa hizo walikuwa na sababu ya kuwaza hivyo. Nyanda za Juu Kusini tegu wa nguruwe yupo, na vifuko vyake kwenye ubongo tunaviona. (Kwa faida ya wengine: mtu hapati vifuko vya ubongo kwa kula kitimoto. Nyama yenye vifuko isiyoiva humpa tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongo vinatokana na kumeza mayai yanayotoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu huyo, kupitia mikono, mboga au maji.) Lakini kifuko hai cha tegu kwa kawaida kina maji mepesi ndani, kwa hiyo kwenye CT-Scan huwa cheusi, na mara nyingi ndani yake kuna kidoa kidogo ambacho ni kichwa cha mnyoo. Kikiingia kwenye vyumba vya maji, zaidi hupenda chumba cha nne. Cha mdogo wako ni cheupe na kimekaa mahali pa koloidi. Asirudie albendazoli, ile dawa ya minyoo, kwa kubahatisha. Haitakigusa kifuko hiki, na kama kweli angekuwa na tegu kichwani, dawa hiyo hutolewa chini ya uangalizi, kwa sababu mnyoo unapokufa ubongo unaweza kuvimba.

Je, anahitaji MRI, yaani picha ya sumaku? Ikipatikana bila kumchelewesha, ndiyo, kwa sababu inamwonyesha daktari wa upasuaji mishipa ya damu na nyuzi zilizokizunguka kifuko. Ila msishangae majibu ya MRI yakisema kifuko "hakionekani vizuri". Kwenye MRI kinaweza kung'aa, kufifia, au kulingana rangi na ubongo wenyewe kikajificha, kutegemea ute ulivyo mzito. Kwa ugonjwa huu picha ya CT-Scan, kipimo cha bei nafuu zaidi, wakati mwingine husema wazi kuliko ile ya gharama. MRI inatuambia pia jambo la manufaa kwa upasuaji: kikiwa cheusi kwenye picha ziitwazo T2, ute wake huwa umekauka sana, na kuunyonya kwa mrija huwa kazi ngumu. Daktari akilijua hilo mapema anajiandaa tofauti.

Umeuliza kwa nini wasichukue kinyama kwanza. Kwa uvimbe wa titi au shingo ningekuunga mkono mara moja. Hapa hapana. Kukifikia kifuko hiki kwa sindano ni kupita ndani ya ubongo hadi katikati yake, karibu na mishipa mikubwa ya damu na zile nyuzi za kumbukumbu, na ukishafika huko ni heri ukitoe kuliko kukidonoa. Picha zinatosha kuamua matibabu. Kipimo cha patholojia, yaani kukitazama kinyama kwa hadubini, kinakuja baadaye, baada ya kifuko kutolewa, na lazima kifanyike.

Nimewahi kukaa kwenye hadubini pembeni ya mwenzangu wa patholojia tukikitazama kimoja. Ukuta wake ni mwembamba ajabu, safu moja tu ya seli zilizopangana kama punje kwenye gunzi. Baadhi zina vinywele vidogo juu yake, vile vile vinavyosukuma makohozi kwenye koo la hewa, na katikati yao zimo seli zenye umbo la kikombe zilizojaa ute. Yaani katikati ya ubongo unaona kipande cha utando wa njia ya hewa. Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kifuko hiki kinatokana na mabaki ya ubongo wenyewe wa kichanga. Ni hizo seli, pamoja na rangi maalumu za kupimia protini zake, zilizoonyesha kwamba asili yake ni ile tabaka ya njia ya hewa na utumbo niliyomsimulia mama. Ute wa ndani hauna umbo, na ukitiwa rangi iitwayo PAS unageuka waridi iliyokolea. Wakati mwingine ndani yake huonekana nyuzinyuzi zinazofanana na ukungu au bakteria, na asiyezizoea anaweza kuandika kuwa ni maambukizi. Kifuko kikiwa kimevuja, huzungukwa na seli za kinga zilizojaa mafuta, na picha inachafuka. Lakini kansa haipo humo. Siku majibu yakitoka, tafuteni maneno yanayotaja safu ya seli zenye vinywele na seli za ute. Mkiyaona, mnajua walichotoa ndicho tulichodhani.

Dawa ya kuyeyusha haipo, si ya hospitali wala ya asili. Utando huo unatoa ute, na hakuna kidonge kinachoukomesha. Za maumivu zitampunguzia maumivu tu. Nawaomba sana msimpe dawa kali za usingizi, kwa sababu usingizi mzito usio wa kawaida ni dalili ya hatari kwake, na dawa hizo zinaificha.

Sasa lile la kusubiri. Mjomba hajasema jambo la kipuuzi, kwa sababu wapo watu ambao sisi wenyewe tunawaambia wasubiri. Mwaka 1999 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa taarifa ya watu 68 waliokutwa na kifuko hiki kwa bahati, wakipimwa kwa mambo mengine, bila dalili. Kwa miaka mitano hakuna aliyepata dalili kwa sababu yake, na kwa miaka kumi walikadiria kuwa ni kama asilimia 8. Mtu wa namna hiyo, mwenye kifuko kidogo na vyumba vya maji visivyotanuka, tunampiga picha baada ya miezi 6 hadi 12, kisha tunaendelea kumfuatilia kwa nafasi.

Mdogo wako hayumo katika kundi hilo, na hapo ndipo ninapotofautiana na mjomba. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha kipimo cha alama tano cha kukadiria hatari ya kifuko hiki: umri chini ya miaka 65, kuumwa kichwa, kipenyo cha milimita 7 au zaidi, kung'aa kwenye picha ya MRI iitwayo FLAIR, na kukaa kwenye maeneo ya chumba cha tatu yanayoziba njia. Alama nne kwenda juu huhesabiwa hatari kubwa. Yeye, kwa karatasi hiyo tu na kabla ya MRI, tayari ana nne. Ongeza vyumba vilivyotanuka. Ongeza kuanguka mara mbili. Kama angekuwa mdogo wangu mimi, ningetaka daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo amwone ndani ya siku chache, na ningetarajia amshauri kifuko kitolewe.

Kifuko hiki kilielezwa tangu mwaka 1858 kwenye maiti, na kwa miongo mingi hapo ndipo kilipokuwa kikigundulika. Wa kwanza kumtolea mgonjwa akapona alikuwa Walter Dandy wa Baltimore, mwaka 1921, nusu karne kabla ya CT-Scan ya kwanza. Leo njia ni mbili kubwa. Moja ni ya endoskopu: tundu dogo kwenye fuvu sehemu ya mbele, kamera nyembamba inaingia hadi kwenye chumba cha maji, ute unanyonywa, na ukuta unavutwa au kuunguzwa. Mgonjwa hukaa hospitali siku pungufu kuliko kwa njia ya pili, ila mara nyingine kipande cha ukuta hubaki, na kikibaki kifuko kinaweza kurudi. Nyingine ni kufungua sehemu ndogo ya fuvu na kutumia hadubini ya upasuaji, kwa kupita katikati ya nusu mbili za ubongo au ndani ya ubongo wa mbele. Hiyo hutoa kifuko chote kwa uhakika zaidi, na ni upasuaji mkubwa zaidi. Ningechagua njia ambayo daktari mwenyewe ameizoea. Muulizeni bila kuona haya amefanya mara ngapi. Daktari mzuri hachukii swali hilo.

Hatari zipo na ni haki yenu kuzisikia. Kubwa inayotuhangaisha ni kumbukumbu: baada ya upasuaji baadhi husahau mambo mapya kwa siku au wiki kadhaa, na wachache hubaki hivyo. Nyingine ni maambukizi, kuvuja damu, degedege. Sijui yule wa kijijini kwenu alipasuliwa kwa ugonjwa gani. Kansa ya ubongo, damu iliyovia baada ya ajali na kifuko hiki havifanani hata kidogo, na mwisho wake haufanani. Ipo pia njia ya kuweka shanti, mpira wa kupeleka maji tumboni. Inasaidia kwa dharura au kwa mgonjwa asiyeweza kupasuliwa, lakini kifuko kinabaki palepale, na kwa kuwa matundu mawili yote yanazibwa huenda ikahitajika mipira miwili.

Kuna jambo moja ambalo msikubali lifanyike kabla mhusika hajaiona CT-Scan hiyo: kuchomwa sindano ya mgongo ili kuchukua maji. Ni kipimo kizuri kwa homa ya uti wa mgongo. Kwa mwenye njia iliyozibwa huku juu, kuyatoa maji chini kunaweza kuuvuta ubongo ushuke na kubana sehemu inayoendesha pumzi. Akipelekwa usiku kituo kingine akiwa na maumivu ya kichwa, picha ziende naye.

Na kama usiku huo ukifika, mtaujua hivi: kichwa kinauma na safari hii hakiachii, anatapika tena na tena, macho yanaona ukungu, anachanganyikiwa, anaanguka, au anasinzia na kuamka kwa shida. Kusinzia huko ndiko kunakodanganya familia, zikasema tumwache apumzike, amechoka. Msimwache. Mwamsheni, mpelekeni hospitali ya mkoa saa hiyohiyo, na mwambieni daktari wa zamu maneno haya: ana kifuko cha koloidi, maji ya ubongo yameziba. Daktari wa upasuaji anaweza kumwokoa kwa kuweka mrija wa kutoa maji kupitia fuvu, lakini ni suala la saa, si siku. Ndiyo maana sitaki msubiri dalili kubwa ndipo muanze kushuka mlima Kitonga kwenda Dar es Salaam.

Kwa hiyo wiki hii ombeni rufaa ya daktari wa upasuaji wa ubongo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, pale Dar es Salaam wanafanya upasuaji wa aina hii; daktari wenu wa mkoa atajua kama kuna bingwa wa karibu zaidi anayeweza. Mpaka aonwe, asiendeshe pikipiki wala gari, asiogelee, na asisafiri peke yake. Mkienda msibebe karatasi tu. Rudini pale alipopigwa CT-Scan mkaombe CD yenye picha zote, andikeni jina lake na tarehe juu yake, na mtu mmoja aibebe mkononi, isiingie kwenye buti la basi.